Jinsi ya kuongelea haki shuleni mpaka kitu kibadilike

Vikao vingi vya shule kuhusu "elimu na haki ya kijamii" vinakufa kabla watu hawajakaa, na kinachoviua ni mada yenyewe. Ukiandika kwenye tangazo kwamba tutajadili haki katika elimu, wote watakuja wameshakubaliana na wewe, nani atasimama aseme mi napinga haki? Wataongea vizuri sana, mkuu wa shule atashukuru, mzazi mmoja atatoa hotuba ndefu ya jinsi jamii ilivyoharibika, mtapiga picha ya pamoja, na Jumatatu yule mtoto anayetolewa nje ya darasa kila wiki atatolewa tena. Kwa hiyo naanzia hapo, kwenye kuchagua mnaongelea nini, na nitakaa hapo sana manake nusu ya kazi iko hapo.

Lishushe jambo mpaka lipate mwenyewe

Chukua lile jambo kubwa linalowauma, iwe umaskini, rangi, jinsia, ulemavu, lugha, lolote lile, halafu ulishushe taratibu mpaka ufike mahali ambapo kuna mtu ndani ya shule hiyo hiyo anaamua. "Watoto wa familia zenye kipato kidogo wanaachwa nyuma" ni kweli kabisa, ila hamna mtu kwenye kikao anayeweza kulibadilisha kesho asubuhi. Sasa liseme hivi: kazi ya nyumbani inayotolewa Ijumaa inahitaji intaneti, na asiyeileta Jumatatu anapewa sifuri. Hilo lina mwenyewe, kuna mwalimu aliyetoa kazi, kuna mtu aliyepitisha sheria ya sifuri, wote wana majina na wote mnaweza kuwaalika.

"Wasichana hawapendi sayansi" nalo ni hivyo hivyo, ukiliacha lilivyo mtabishana mpaka jioni kuhusu malezi. Nenda kaangalie kipindi cha maabara, nani anashika vifaa na nani anaandika matokeo. Unaweza ukakuta kundi la watoto wanne, mvulana mmoja kashikilia kila kitu, na msichana mwenye mwandiko mzuri kapewa kalamu tangu muhula uanze na hajawahi kuwasha hata moto wa jaribio. Hapo mada yako inakuwa "nani anashika vifaa", na mwalimu wa sayansi anaweza kuimaliza wiki ijayo bila hata senti. Na "watoto wenye ulemavu wanatengwa" ikishushwa inaweza kuwa hivi: basi la safari ya darasa lilikodiwa bila mtu yeyote kuuliza kama kiti cha magurudumu kinaingia, halafu mzazi akashauriwa kwa upole kwamba mtoto apumzike tu nyumbani siku hiyo.

Kipimo ni swali moja. Ni nani hapa shuleni anaweza kubadilisha hili kwa kalamu yake kabla muhula haujaisha? Ukikosa jina, endelea kushusha. Jibu likiwa "serikali" au "wizara" basi hilo ni la kuandikiwa barua, na barua iandikwe, lakini msilifanye kisingizio cha kuacha yale mnayoyaweza wenyewe.

Na mada usiitafutie ndani ya kikao, humo wataongea wale wale wa siku zote. Itafute wiki mbili tatu kabla kwa kuuliza watu mmoja mmoja, na usiishie kwa wazazi na walimu. Mlinzi wa getini anajua nani anachelewa kila siku na kwa nini, anayefanya usafi anajua choo gani mlango haufungi na watoto gani wanakikwepa mpaka waende nyumbani, mtunza maktaba anajua nani anakuja kukaa tu wakati wa mapumziko kwa sababu huko nje anatukanwa. Hawa huwa hawaalikwi kwenye mambo ya elimu lakini wana habari kuliko bodi nzima.

Weka barua ya shule mezani

Njia ninayoipenda kuliko zote ya kufungua mazungumzo ni hii: tafuta barua moja ambayo shule imeshawahi kuituma nyumbani, toa kopi, kila mtu apate yake, mtu mmoja aisome kwa sauti taratibu. Barua ya kawaida tu, ya sare, ya michango, ya nidhamu, yoyote. Halafu uliza maswali matatu. Nani atashindwa kuielewa hii akiisoma mara moja? Nani ataielewa ila atashindwa kufanya inachotaka? Na huyo aliyeshindwa, barua inamwambia aende kwa nani?

Tuseme imeandikwa: "Mwanafunzi ambaye mchango wake haujakamilika hatashiriki safari. Wazazi mnatakiwa kutekeleza bila visingizio." Kaeni na hayo maneno mawili ya mwisho hata dakika kumi. Mhasibu atasema aliandika hivyo kwa sababu kuna wazazi uwezo wanao na wanazungusha tu, na ni kweli, wapo, msimbishie. Mzazi mwingine atasema yeye alipofika hapo kwenye visingizio aliona hata akienda kueleza hali yake ataonekana mwongo, kwa hiyo alikaa kimya na mtoto akabaki. Basi hapo mmeshaingia kwenye haki ya kijamii bila mtu kulitaja jina, na kazi imejitokeza yenyewe, sentensi moja inafutwa na inaandikwa nyingine inayosema mwenye shida aende kuongea na nani, saa ngapi, na kwamba itakuwa faragha. Mhasibu hajatukanwa na mzazi hajaomba msamaha kwa kukosa hela.

Wazo la kuanza na kitu cha maisha ya watu wenyewe sio jipya. Mwaka 1963 kule Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazil, mwalimu Paulo Freire na wenzake walifundisha kusoma na kuandika watu wazima wapatao 300 kwa saa 40 hivi, na walianza na picha za mazingira ya hao hao watu, wanaziangalia pamoja, wanazijadili, ndo herufi zinafuata. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali, mpango ukafungwa na mwenyewe akawekwa ndani. Kwa hiyo usishangae sana mkuu wa shule akianza kukohoa akiona barua yake imewekwa mezani, mwambie mapema, ikiwezekana muichague pamoja.

Fungua madaftari, ila kwa adabu

Shule ina namba nyingi kuliko inavyojua. Daftari la mahudhurio, kitabu cha adhabu, orodha ya viranja, orodha ya waliokwenda mashindano, nani yuko mkondo upi. Omba mkuu wa shule ateue mwalimu mmoja ahesabu, bila majina, kwa mwezi mmoja au muhula mmoja. Tuseme darasa lina watoto 40 na 10 kati yao wanaishi upande wa mbali, halafu kwenye adhabu 12 za kuchelewa 9 ni za hao 10. Ukiwa na hiyo hutahitaji hotuba, unaiandika ubaoni kubwa na unauliza tu, hii tunaielezaje?

Mambo mawili hapa usiyaruke. La kwanza, kama kwenye kundi kuna watoto wawili watatu tu, usionyeshe namba yao, manake kila mtu atajua ni akina nani, wakiwemo hao watoto wenyewe. Andika kwamba kundi ni dogo mno basi. La pili, namba inaleta swali tu, haijahukumu mtu. Inawezekana hao wanachelewa kwa sababu ya usafiri, inawezekana kuna mwalimu wa zamu anayefunga geti upande mmoja mapema, inawezekana ni watoto wanaopeleka wadogo zao shule nyingine kwanza. Ukiingia kikaoni umeshaamua kwamba ni ubaguzi wa fulani, huyo fulani ataacha kusikiliza na wenzake watamkinga, na kiukweli ningekuwa mi ningefanya hivyo hivyo.

"Lakini sisi wote tunawatendea sawa"

Hii sentensi itakuja, jiandae nayo. Anayeisema mara nyingi ni mtu mzuri tu na anaamini anachosema. Usimjibu kwa nadharia, mpe kisa.

Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Kule San Francisco kulikuwa na wanafunzi wa asili ya Kichina kama 1,800 waliokuwa hawajui Kiingereza na hawakupewa masomo yoyote ya ziada ya kuwasaidia. Utetezi ulikuwa ni huo huo, wanapewa kila kitu sawa na wenzao. Majaji wote wakakataa, wakasema kutoa majengo yale yale, vitabu vile vile, walimu wale wale na mtaala ule ule sio usawa kama mtoto haelewi kinachofundishwa, huyo amefungiwa nje ya elimu akiwa amekaa ndani ya darasa. Kisa hiki kinafanya kazi kwa sababu hakina mtu wa shule yenu ndani yake, watu wanakubali kwanza kwa wale wa mbali halafu unauliza polepole, kwetu sisi nani amekaa ndani lakini yuko nje?

Kuhusu sheria na mikataba, zijue lakini usiingie nazo mkononi kama fimbo. Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 26, linasema kila mtu ana haki ya elimu. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilipitisha mkataba dhidi ya ubaguzi katika elimu mwaka 1960. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 una kifungu cha 28 kinachosema nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto, na cha 12 kinachotaka mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na uelewa wake. Na mkataba wa watu wenye ulemavu wa 2006 kifungu cha 24 kinadai elimu jumuishi. Mtu akisema "haya mambo ya watoto kuulizwa mmeyatoa wapi", unamjibu kwa sentensi moja na mnaendelea.

Nani yupo, na nani anaogopa

Sasa hapa watu wanateleza sana. Mzazi mwenye jambo zito kuliko wote mara nyingi haji, na akija haongei, na sababu anayo. Kichwani ana swali moja, mwanangu atafanyiwa nini kesho? Unamwambia "jisikie huru" wakati mwalimu anayemlalamikia ndo anasahihisha mitihani ya mtoto wake na amekaa viti viwili kutoka kwake. Huo uhuru anautoa wapi?

Kwa hiyo usimtegemee mtu mmoja abebe jambo. Kusanya maneno kabla, kwa mazungumzo ya ana kwa ana au karatasi zisizo na majina, halafu yaandike upya kwa lugha yako ili hata mwandiko na namna ya kusema isimtaje mtu, na uyasome yakiwa manne matano ya aina moja. "Wazazi kadhaa wamesema" ina nguvu na haina shingo ya kukatwa. Kama jambo limesemwa na mzazi mmoja tu na linajulikana ni la mtoto gani, usilisome kikaoni, lipeleke ofisini pamoja naye akitaka.

Pia waulize waliozoea kukosa: saa ngapi mnaweza? Kikao cha saa nne asubuhi siku ya kazi kimeshachagua nani aje. Wenye watoto wadogo waje nao na pawe na mtu wa kuwaangalia pembeni, wasiojua vizuri lugha ya kikao wapate mkalimani, na mkalimani asiwe mtoto wao, haiwezekani mtoto amtafsirie mama yake kwamba yeye mwenyewe ni mtukutu. Ondoeni meza kuu, viti viwe duara, mkuu wa shule akae popote.

Kuna mtu mmoja alilifikiria sana hili, James Comer, daktari wa akili wa watoto wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1968 alianza na shule mbili za mji wa New Haven, Marekani, zilizokuwa na hali mbaya kimasomo na kinidhamu, akaunda timu ndani ya shule yenye wazazi, walimu, uongozi na wataalamu wa mambo ya watoto, na akaweka kanuni tatu za kufanya kazi pamoja. Hakuna kutafuta wa kulaumiwa. Maamuzi ni kwa kuelewana, sio kupiga kura, kwa sababu kura inazaa walioshinda na walioshindwa na hao walioshindwa ndo wanarudi kuvuruga. Na ya tatu, kushirikiana, wazazi hawamfungi mikono mkuu wa shule na mkuu wa shule hawezi kuwafanya wagonge muhuri tu. Mi nadhani hiyo ya kwanza ndo inaeleweka vibaya kuliko zote, watu wanadhani kutokulaumu ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Hapana, kosa linatajwa lote na kwa undani, kinachoachwa ni kumtafuta mkosaji wa kumsulubisha jioni hiyo.

Na watoto. Mtafiti Roger Hart aliandika kwa UNICEF mwaka 1992 kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto, ina hatua nane, na hatua tatu za chini kabisa alisema sio ushiriki kabisa: kuwatumia, kuwaweka kama mapambo, na kuwaweka ili ionekane wapo. Ukijua hizo tatu utaziona kila mahali. Mtoto anasoma risala iliyoandikwa na mwalimu, watu wanapiga makofi, anatolewa nje watu wazima waanze kikao. Ukitaka wanafunzi waongee kweli waje watano sita, waliochaguliwa na wenzao (sio wale vipenzi wa walimu tu), wawe wamekutana kabla na kukubaliana watasema nini, na wapewe ajenda siku ile ile wanayopewa wazazi. Na jamani, usimgeukie mtoto mmoja mwenye ulemavu au wa jamii ya wachache ukasema "hebu tuambie, nyinyi mnajisikiaje". Hajaja pale kuwakilisha watu wote wa aina yake.

Siku yenyewe

Kanuni zisizidi tatu na ziwe za kufanyika: tunaongelea jambo, hatutaji jina la mtoto wala mwalimu, dakika mbili kila mtu. Mshika saa awe mwanafunzi, hakuna mtu mzima anabishana na mtoto wa miaka 14 aliyenyanyua kadi.

Mzunguko wa kwanza hamna kujibu. Kila aliyekaa kwenye duara anasema alichoona, asiye na la kusema anapisha, na hata mkuu wa shule akisikia jambo lisilo kweli anaandika pembeni anangoja. Hili litamuuma, mwandae kabla. Swali liwe la kitu kilichotokea: "mara ya mwisho mtoto wako kubaki nyumbani siku ya shule ilikuwaje?" Ukiuliza "mnaonaje hali ya usawa shuleni" utapata maoni, na maoni mengi ni ya kukopa.

Halafu nyamaza. Nasema hivi kwa msisitizo manake ndo ujuzi mgumu kuliko wote. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alisikiliza kanda nyingi za madarasa na kazi yake ya miaka ya 1970 ilionyesha walimu wanasubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza kabla hawajarukia kuuliza tena au kujibu wenyewe, na walipofundishwa kusubiri sekunde 3 na zaidi majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa wanahesabika wazito wakaanza kuongea. Watu wazima ni vile vile. Uliza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, utaona kuna mtu nyuma anavuta pumzi.

Mzunguko wa pili ndo wa kujibizana, na wa tatu ni "tufanye nini". Usiviunganishe, ukiunganisha wenye haraka ya suluhisho watamkata yule ambaye hajamaliza kueleza shida yake.

Moto ukiwaka

Utawaka, na mara nyingi ni dalili kwamba mmefika kwenye jambo lenyewe. Mwalimu akisimama na jazba, "kwa hiyo mnasema sisi ni wabaguzi?", usimwambie atulie. Mwambie: "Mwalimu, hakuna aliyesema hivyo, na tunajua una watoto wengi kuliko inavyotakiwa. Tuambie wewe, Ijumaa ukitoa kazi ile huwa unafikiria nini?" Umempa heshima na umemrudisha kwenye jambo. Mara nyingine atasema kitu ambacho hamkukijua, labda kazi zinatoka kwenye programu ambayo shule imelazimishwa kuitumia.

Mzazi akianza kulia, msimpige maswali wala msimpe hotuba ya kumtia moyo. "Mama, tumekusikia, ukitaka kuendelea tupo, ukitaka tuendelee sisi ni sawa pia." Basi. Yule anayeongea kila dakika mpe kazi ya kuandika ubaoni, anaandika ya wenzake na mdomo unapumzika.

"Hizi ni siasa, tuje kwenye masomo." Jibu fupi: mtoto asiyekuwepo darasani hafundishiki, na tunaongelea kwa nini hayupo.

Kitu kimoja hakijadiliwi kabisa kikaoni. Mtoto au mzazi akitaja kwamba mtu fulani anampiga mtoto, anamshika au anamtishia, unasimamisha hapo hapo kwa upole, unamwambia hili ni zito na halitaachwa, na unalipeleka siku hiyo hiyo kwa anayehusika na ulinzi wa watoto, na kama mtuhumiwa ndo yeye basi nje ya shule. Usimuahidi siri, huwezi kuitunza na hutakiwi kuitunza. Na wengine wote mle ndani waambiwe wasilisambaze huko nje.

Grupu la WhatsApp

Kwenye grupu weka tarehe, mahali, karatasi ya makubaliano. Mjadala wenyewe usiupeleke huko. Mtu anasoma ujumbe saa tano usiku kachoka, anaona sauti ya ukali ambayo mwandishi hakuiweka, anajibu, wenzake wanaungana, skrinishoti inamfikia mwalimu kabla hajaamka. Mtu akianzisha, msimamizi aandike "tumelipokea, linaingia ajenda ya tarehe fulani" na kweli aliingize.

Karatasi moja ya mwisho

Kabla watu hawajainuka muwe na ukurasa mmoja, umeandikwa hapo hapo na kusomwa kwa sauti: tunabadilisha nini, nani anafanya, mpaka lini, tutajuaje kama imefanya kazi. Mkuu wa shule akisema "tumepokea, tutalifanyia kazi" mshukuru halafu umuulize nani na lini, kwa sauti ile ile ya kushukuru. Mambo yasizidi matatu. Mfano: kuanzia wiki ijayo kazi ya intaneti inatolewa Jumatatu na kudaiwa Ijumaa, maktaba inabaki wazi saa moja baada ya masomo siku tatu, sheria ya sifuri imesimamishwa muhula huu kwa majaribio, mtunza maktaba anahesabu waliokuja, na kikao kijacho tunaangalia tena ile namba. Wengi watakubali kujaribu muhula mmoja kitu ambacho wangekikataa kikiitwa sera.

Na lile la walioko maktaba lipangiwe mtu kweli, usimbebeshe mtunza maktaba saa tatu za ziada kwa wiki bila malipo wala mapumziko halafu muite hiyo haki ya kijamii.

Shule ikikaa kimya baada ya kukubali, katibu wa wazazi aandike barua fupi yenye tarehe ya kikao, jambo lililokubaliwa na ombi la kujibiwa kwa maandishi ndani ya wiki mbili. Isisainiwe na mzazi mmoja, isainiwe na kamati. Ikipita bila jibu nakala inakwenda bodi, na kutoka bodi inakwenda ngazi inayofuata, bila matusi na bila kuongeza mambo mapya njiani, manake ukiongeza mapya watajibu hayo mapya na kulikaushia la kwanza.

Kikao kinachofuata kianze kwa kusoma ukurasa ule, kabla ya ukaribisho mrefu na kabla ya mgeni yeyote. Kila jambo liseme limefanyika, halijafanyika, au limeshindikana na kwa nini. Mwenye jambo akijua hatakuwepo aandike taarifa yake mapema isomwe na mwingine, kikao kisiahirishwe kwa ajili yake.